Siku Moja Menton, Mji wa Malimau na Wageni

Treni ya kutoka Ventimiglia, mji wa mwisho wa Italia, hadi Menton, mji wa kwanza wa Ufaransa, hutumia dakika kumi na chache tu, na sehemu kubwa ya safari hiyo hupita ndani ya mahandaki, kwa hiyo abiria aliyesinzia anaweza kuvuka mpaka asijue. Mimi sikusinzia. Treni iliposimama kwenye stesheni ndogo ya Menton-Garavan, maofisa wanne walipanda behewa letu, wakapita taratibu wakitazama nyuso, na kati ya abiria wapatao thelathini wakaomba hati za watu watatu: kijana aliyevaa kofia ya sufu, mama aliyembeba mtoto, na mimi. Nikatoa pasipoti yangu ya Tanzania na kibali changu cha ukaazi wa Italia. Ofisa akavigeuza mbele na nyuma, akanirudishia kwa adabu. Yule kijana aliteremshwa. Milango ikafungwa, na dakika tatu baadaye nilikuwa nimesimama nje ya stesheni kuu, jua la Februari likinipiga usoni, mbele yangu mti uliojaa matunda ya rangi ya chungwa ambayo hakuna mtu aliyeshughulika kuyachuma.

Nalikuwa nimekuja kwa ajili ya matunda. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, na kwetu machungwa si kitu cha kufungulia mazungumzo. Ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni ugomvi na dalali anayelinunua shamba zima kwa kukadiria kwa macho. Kwa miaka sita nimeishi Torino, Italia, na kila mwaka kuanzia Februari nilikuwa nikisikia habari za mji wa ufukweni upande wa pili wa milima ambao hufanya sikukuu ya malimau. Mwaka huu nikaona nisingoje tena kusimuliwa.

Huhitaji gari wala ramani kubwa kuuzunguka Menton. Ni mji wa watu wapatao elfu thelathini, uliobanwa kati ya Alpi na Bahari ya Mediterania, na milima hiyo imesimama karibu mno nyuma yake kiasi kwamba upepo wa kaskazini haupati njia ya kuingia. Ndiyo maana malimau yanastawi hapa, na ndiyo maana, kama nitakavyoeleza, mji huu una makaburi ya kigeni mengi kuliko ukubwa wake unavyostahili.

Kutoka stesheni nilishuka moja kwa moja kwenye bustani ya Biovès, ukanda mrefu wa nyasi na mitende ya mapambo uliojengwa juu ya mto na kuelekea baharini. Hapo ndipo sikukuu inapowekwa. Sanamu zilikuwa ndefu kama nyumba za ghorofa mbili, zote za machungwa na malimau, na kwa mbali niliona rangi tu. Nikasogea hadi pua yangu ikakaribia kugusa. Chini ya matunda kuna kiunzi cha chuma na wavu, na kila tunda, moja moja, limefungwa kwenye wavu huo kwa raba bendi. Mwanamke mmoja aliyevaa glavu alikuwa juu ya ngazi na ndoo mbili: moja ya matunda mazima, nyingine ya yaliyooza. Alikuwa akibonyeza kila tunda kwa kidole gumba, kama mama zetu wanavyobonyeza embe sokoni, na lililobonyea akalikata na kuweka jingine. Hutumika takriban tani 140 za matunda kwa sikukuu moja. Nilimwuliza kwa Kiitaliano, lugha ambayo hapa wengi huielewa, kama matunda yote hayo yanatoka kwenye mashamba ya mjini. Alicheka hadi ngazi ikatikisika. Yanatoka Hispania, akasema, kwa malori. Limau la Menton ni ghali mno kulifanya sanamu.

Jibu hilo lilinifurahisha kuliko sanamu zenyewe, na kwa siku nzima lilinifuata. Sikukuu yenyewe ilianza kama hila ya wenye hoteli: mwaka 1929 mmoja wao alifanya maonyesho ya maua na matunda kwenye bustani ya hoteli ili kuwachangamsha wageni wa majira ya baridi, yakapendwa, na mwaka 1934 mji ukayafanya kuwa sikukuu rasmi. Wageni wakaandaliwa burudani ya matunda, nayo matunda yenyewe hatimaye yakawa wageni.

Limau halisi nililipata sokoni. Soko la Menton ni jengo la mwaka 1898 lenye kuta za rangi ya mchanga na mapambo ya vigae, na ndani yake kuna jibini, samaki, zeituni, na vitafunwa ambavyo kila mwuzaji husema ni vya hapa tu. Nilinunua kipande cha *pichade*, mkate mwembamba uliopakwa nyanya na vitunguu vilivyopikwa muda mrefu, juu yake zeituni na dagaa wa chumvi, nikala nimesimama. Kisha nikafika kwa mama mmoja mwenye meza ndogo yenye malimau tu, kila moja likiwa na jani lake bado.

“Uma,” akaniambia. Nikadhani anatania. “Uma na ganda lake.”

Nikauma. Limau tunalolijua sisi lina ganda chungu ambalo huvuta ulimi, lakini hili ganda lake lilikuwa nene, laini, lenye mafuta mengi yaliyorukia hadi kwenye mashavu, na uchungu wake ulikuwa mdogo sana. Ukali ulikuwapo, ila wa kistaarabu. Tangu mwaka 2015 limau hili lina alama ya Umoja wa Ulaya inayolinda jina la mahali pa asili yake, kama zinavyolindwa jibini na mvinyo, na mama huyo alikuwa na kibandiko cha alama hiyo kwenye kila kikapu. Kilo moja ilikuwa euro sita. Nilinunua kilo moja, moyo ukiniuma, maana nilikuwa nimeshabadilisha hesabu kichwani: karibu shilingi elfu kumi na saba.

Mama huyo aliniambia hadithi ambayo kila mtoto wa Menton huifahamu: kwamba Hawa alipofukuzwa peponi aliondoka na limau moja mfukoni kwa siri, wakazunguka na Adamu dunia nzima, na walipoifikia ghuba ya Garavan, iliyofanana na walikotoka, akalizika hapo. Historia ni kavu zaidi. Limau ni mti wa Asia ulioenea Mediterania kwa mikono ya Waarabu, na hata jina tunaloliita sisi limepita njia hiyohiyo ya Kiarabu na Kiajemi. Hata hivyo ni kweli kwamba hadi karne ya 19 Menton iliishi kwa tunda hilo, ikilipeleka kwa meli mbali sana, na ni kweli pia kwamba tunda hilo liliwahi kuivunja nchi.

Wakati huo Menton ilikuwa chini ya wakuu wa Monaco, ukoo wa Grimaldi. Wakuu hao walitoza ushuru malimau na mafuta ya zeituni yaliyosafirishwa, na wakati fulani walijipa hata haki ya kuwa wao peke yao wa kuuza mkate. Mkulima yeyote wa Tanga aliyewahi kusimamishwa kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao atajua hasira iliyofuata. Mwaka 1848 Menton na jirani yake Roquebrune walijitangaza kuwa miji huru, na mwaka 1861 mkuu wa Monaco aliyauza madai yake juu ya miji hiyo kwa Ufaransa kwa faranga milioni nne. Akabaki na mwamba na ufukwe mdogo, bila malimau wala zeituni za kutoza. Miaka michache baadaye Monaco ilikuwa imefungua kasino la Monte Carlo. Kwa hiyo wale wanaopoteza fedha zao huko leo wanaweza, wakipenda, kuwalaumu wakulima wa malimau.

Baada ya soko nilipita pwani haraka. Bastion, ngome ndogo ya karne ya 17 iliyosimama majini, ni makumbusho ya Jean Cocteau, msanii na mwandishi wa Kifaransa, tangu mwaka 1966, na ng'ambo yake kuna jengo jipya la makumbusho yake mengine, jeupe, lenye nguzo zilizopinda kama meno. Hilo lilifunguliwa mwaka 2011 na likafurika katika dhoruba ya Oktoba 2018, likafungwa. Walilijenga hatua chache tu kutoka kwenye maji. Mtu wa pwani hawezi kulitazama bila kutikisa kichwa.

Kuanzia ufukwe wa Sablettes ngazi hupanda kuelekea mji mkongwe. Nyumba zake ni za rangi ya ndimu mbivu, ya udongo wa Usambara, ya samli, zimepandana juu ya kilima hadi mnara wa kengele, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba mtu wa Unguja angetembea humo bila kuuliza njia, isipokuwa kwamba huko ni tambarare na hapa kila hatua ni ngazi. Juu ya ngazi kuna uwanja wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu, lililojengwa na Honoré wa Pili, mkuu wa Monaco, katika karne ya 17. Sakafu ya uwanja huo ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyokanyaga siku hiyo: kokoto za baharini, nyeupe na za kijivu, zimesimamishwa kwa ukingo mojamoja na kupangwa hadi zikachora nembo ya Grimaldi. Kokoto zimelainika kwa miguu, na katikati ya nembo, mahali wanapokanyaga wengi, zimezama kidogo. Tangu mwaka 1950 tamasha la muziki wa klasiki hufanyika hapa kila kiangazi, wapiga fidla wakiwa na mlango wa kanisa nyuma yao na bahari mbele yao. Februari hapakuwa na muziki. Palikuwa na wanafunzi wawili wakikaririshana vitenzi vya Kiarabu, kwa sababu chuo kikuu kimoja cha Paris kina tawi hapa linaloshughulika na nchi za Mediterania na Mashariki ya Kati. Mmoja akakosea, nami bila kufikiri nikamsahihisha kwa sauti ya ustadhi wangu wa madrasa. Tukacheka wote.

Kutoka hapo unapanda zaidi, na kilele cha mji, mahali palipokuwa na kasri, ni makaburi.

Nimeona miji mingi ambayo huwapa matajiri mahali penye mandhari bora. Menton imewapa wafu. Makaburi ya kasri la kale yamepangwa kwa ngazi, daraja juu ya daraja, na kutoka kila daraja unaona ghuba mbili, paa za mji, na Italia ikianzia pale milima inapoingia baharini. Nilianza kusoma mawe. Kiingereza, Kirusi, Kijerumani, Kidenmaki. Kisha nikaanza kupiga hesabu ya umri, na baada ya mawe ishirini nikaacha, kwa sababu wengi hawakufika miaka thelathini.

Asili ya habari hii ni daktari mmoja wa Kiingereza, James Henry Bennet. Mwaka 1859, akiwa na kifua kikuu, alikuja Menton akitafuta kona tulivu ya kufia. Hakufa. Akapona kiasi cha kurudi kwao, akaandika kuusifia mji huu na hewa yake, akawa akirudi kila majira ya baridi kutibu wengine. Reli ilipofika mwaka 1869, wagonjwa wa Ulaya nzima wakamiminika. Malkia Victoria mwenyewe alikaa hapa mwaka 1882, ingawa yeye hakuwa mgonjwa. Hoteli zikapanda hadi vilimani, kubwa kama meli, zenye veranda zilizoelekea kusini ili mgonjwa alale juani. Mwaka huohuo wa 1882 Robert Koch alitangaza huko Berlin kwamba ugonjwa huo unaletwa na kijidudu, kwamba unaambukiza, na kwamba si suala la hewa nzuri wala udhaifu wa ukoo. Fikiria sasa veranda hizo zilizojaa wakohoaji, na wenyeji waliowafulia mashuka. Hoteli zile kubwa leo zimegawanywa kuwa fleti, na kwenye vijitabu vya watalii neno kifua kikuu huonekana kwa nadra, kana kwamba Waingereza wale walikuja kwa ajili ya malimau.

Kaburi linalotafutwa na watalii ni la William Webb Ellis, mchungaji aliyefariki mwaka 1872, ambaye inasemwa kwamba mwaka 1823, akiwa mwanafunzi wa shule ya Rugby, aliudaka mpira wa miguu na kukimbia nao, mchezo mpya wa raga ukazaliwa. Hadithi hiyo ilianza kusimuliwa yeye akiwa ameshakufa, na wanahistoria wengi hawaiamini, lakini kaburi lake limejaa beji na mipira ya mashabiki. Jirani zake, wasio na hadithi, wana kutu na majani.

Nilipouliza njia, mzee mmoja aliniambia kwamba juu zaidi kuna makaburi mengine, ya Trabuquet, ambako watu kama mimi huwa hawaendi. Sikujua kama alimaanisha watalii au Waafrika. Nikapanda. Huko amezikwa Aubrey Beardsley, mchoraji Mwingereza aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1898 akiwa na miaka 25, na huko kuna sehemu ya askari. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia hoteli kadhaa za mji ziligeuzwa hospitali, na miongoni mwa majeruhi na wagonjwa walioletwa walikuwamo askari kutoka makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi na Madagaska. Walichukuliwa kutoka nchi za joto, wakapelekwa kwenye mahandaki ya matope ya kaskazini, mapafu yao yakashindwa, kisha wakaletwa hapa kwenye jua. Wengi hawakurudi makwao. Mnara wao wa kumbukumbu ni wa juzi tu. Umesimamishwa katika karne hii.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku hiyo. Tanga nayo ina makaburi ya vita hiyohiyo, ya mapigano ya Novemba 1914, na tulipokuwa watoto tulipelekwa kuyaona kwa ziara ya shule, tukashangaa majina ya Kihindi na ya Kijerumani yaliyolala mbali hivyo na kwao. Hapa nilikuwa nikisoma majina ya Bara langu kwenye mawe ya Ulaya. Hapakuwa na mtalii. Palikuwa na mzee mmoja mtunza makaburi aliyekuwa akikusanya majani ya msonobari kwa reki, taratibu, safu baada ya safu, na alipofika nilipokuwa nimesimama alinizunguka bila kuniomba nisogee.

Nilishuka upande wa mashariki hadi Garavan. Hapo kuna bustani ya Val Rahmeh, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Elimuviumbe ya Ufaransa, yenye toromiro, mti wa Kisiwa cha Pasaka ambao kwao porini umekwisha kabisa. Sikuingia, jua lilikuwa linashuka na nilitaka kufika mpakani kwa miguu.

Njia ya kando ya bahari huishia chini ya miamba myekundu. Juu yake, barabara ya zamani hupita kwenye daraja la Saint-Louis, na kando ya daraja hilo kuna ngome ndogo ambamo Juni 1940 askari tisa wa Kifaransa waliwazuia Waitaliano hadi vita vikasimamishwa, ingawa haikusaidia, kwa kuwa Menton ilikaliwa na Italia hadi Septemba 1943. Katika miaka ya 1930 wapinzani wa Mussolini, na Wayahudi waliokimbia, walivuka mlima huo kwa njia ya miguu inayoitwa Njia ya Mauti. Jina halikutungwa na mshairi. Usiku mtu akikosea kukanyaga, chini ni korongo. Njia hiyo bado inatumika. Ufaransa iliporudisha ukaguzi wa mpakani mwaka 2015, Waeritrea, Wasudani na wengineo walipiga kambi kwenye miamba hii hii kwa majira yote ya kiangazi, wakitazama taa za Menton. Siku niliyopita mimi miamba ilikuwa mitupu, isipokuwa kiatu kimoja cha raba kilichokuwa kimekwama kati ya mawe, kamba yake bado imefungwa.

Kuelekea Italia hakuna aliyenisimamisha. Askari wa upande wa Ufaransa walikuwa wakichungulia magari yanayoingia, mimi nikapita ubavuni mwao na mfuko wangu wa malimau, hatua moja nikawa nchi nyingine, na hakuna hata aliyeinua kichwa. Nikakaa kwenye ukuta wa barabara kungoja basi la Ventimiglia, nikampigia simu mama mdogo huko Muheza.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Uko wapi, mbona upepo?”

Nikamweleza. Nikamweleza limau linaloumwa na ganda, Hawa na mfuko wake, na malori ya Hispania. Alipenda habari za Hawa. Aliuliza bei, nikamtajia, akanyamaza, kisha akaniomba nirudie kwa shilingi, taratibu. Baada ya hapo nikamweleza juu ya kilima, na askari wa Afrika waliolala pale tangu vita ya Mjerumani.

“Na makaburi yao nani anayafagia?” akauliza.

Nikamwambia nimemwona mzee mmoja, ana reki.

“Haya,” akasema. “Sasa hiyo elfu kumi na saba ni ya tenga, au kweli ni ya kilo?”